Kongwe, Ngumu, ya Mbali: Rekodi za Sekondari za Serikali Tabora

"Kapangiwa wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza mjini Tabora majina ya wanaoingia kidato cha kwanza yanapotoka. Anayejibu "Tabora Boys" hupongezwa kabla hajamaliza kusema. Anayetaja shule ya kata huulizwa kama ina hosteli. Basi tuzipange shule za serikali za manispaa hii kwa rekodi zake, tuone kama pongezi hizo zinamfikia anayestahili.

Kwa ukongwe hakuna ubishi ndani ya mji. Tabora Boys huhesabu umri wake tangu 1922, na mwaka 1925 ilifunguliwa rasmi kuwa shule ya watoto wa machifu, maana Mwingereza alitaka watawala wadogo wa kumfanyia kazi. Alliance ya Kikuyu, kule Kenya, ilifuata 1926. Lakini anayekwambia ndiyo shule ya kwanza ya serikali nchini anakupiga kamba: Tanga Wajerumani walikuwa na yao tangu 1892. Na wana wa wakubwa wa Buganda walikuwa na shule yao ya Budo tangu 1906.

Kwa nini Tabora? Barabara ilishachagua zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikutana hapa Unyanyembe, kisha mingine ikashika njia ya Ujiji, mingine ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mpelelezi Stanley alitumia miezi mitatu kutoka pwani hadi Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1871. Reli ilifika 1912, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, hivyo mtoto wa Musoma au wa Dodoma angeweza kufikishwa shuleni bila kutembea nusu ya nchi.

Rekodi inayonishangaza zaidi ni ya viongozi. Mawaziri wakuu wawili wa kwanza wa Tanganyika, Julius Nyerere na Rashidi Kawawa, wote walisoma katika madarasa ya Tabora Boys. Nyerere aliingia 1937. Kawawa alimaliza 1951, na mwaka uliofuata akacheza filamu ya Muhogo Mchungu, jambo ambalo wanasiasa wa leo wangelilipia. Ongeza Chifu Abdallah Fundikira, waziri wa kwanza wa sheria, na Oscar Kambona aliyeshika mambo ya nje. Inasimuliwa kwamba Nyerere akiwa mwanafunzi alilalamikia viranja kupewa chakula maradufu, na baadaye yeye mwenyewe akafanywa kiranja.

Rekodi ya jina naipa Sekondari ya Milambo. Mwezi Agosti 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliivamia Tabora na kuchoma sehemu ya mji, huku Stanley akiutazama moshi kutoka Kwihara na kutoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe. Leo mji aliouchoma una sekondari ya serikali yenye jina lake. Ukipata mji mwingine uliomsamehe adui kiasi hicho, niambie.

Sasa matokeo, ambako ndiko watu wanakotaka tufike. Nchi ina shule saba za serikali za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Boys na Tabora Girls. Manispaa ya Tabora peke yake ina mbili. Morogoro wangetaka kudai sare kwa Kilakala na Mzumbe, ila Mzumbe iko wilaya ya Mvomero.

Hapo ndipo ulinganisho unapoharibika. Shule hizi huchukua watoto waliofanya vizuri kuliko wenzao kwenye mtihani wa darasa la saba, wakiokotwa nchi nzima. Fungua ukurasa wa matokeo wa Baraza la Mitihani, NECTA: juu kuna kijedwali, safu ya F na safu ya M, kisha idadi chini ya I, II, III, IV na 0. Kwenye shule ya vipaji namba zinalundikana kushoto. Kwenye shule ya kata zinateleza kulia. Mzazi anasoma ubora wa walimu, kumbe sehemu kubwa ya anachokisoma ni mchujo uliofanyika miaka minne nyuma.

Januari 2023, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA iliacha kutaja shule kumi bora na za mwisho, ikisema kulinganisha wanaosoma katika mazingira tofauti hakuna tija. Nakubaliana nao nusu. Orodha ile ilikuwa tangazo la biashara kwa shule binafsi. Lakini kuiondoa bila kuweka kingine kumewaachia watu wa WhatsApp kazi ya kupanga orodha zao. Alama za darasa la saba zipo, za upimaji wa kidato cha pili zipo, za kidato cha nne zipo. Ziunganishwe, tujue shule ipi imemsogeza mtoto mbali zaidi na pale ilipompokea. Ningeweka shilingi yangu kwamba kinara wa orodha hiyo angekuwa na jina lisilojulikana hata Isevya, hapahapa mjini.

Maana rekodi ya mwisho ni ya umbali. Tabora ndio mkoa mkubwa kuliko yote kwa eneo, kilomita za mraba zipatazo 76,000, na hata ndani ya manispaa kuna kata kama Kakola na Ndevelwa ambazo ni mashamba na miombo. Shule za kata zilisambaa kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004, majengo yakawahi kuliko walimu na maabara. Matokeo ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri, yalikuwa bili ya haraka hiyo. Ada ilifutwa 2016, watoto wakaongezeka. Baiskeli na njia ya vumbi vikabaki vilevile.

Rekodi itakayovunjwa hapa ni ya idadi ya wanaoingia, na tarehe yake inajulikana. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, hivyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataripoti kidato cha kwanza kwa mpigo. Tabora Boys na Tabora Girls zitachuja kama kawaida. Wengi wa watakaobaki ni wa shule za kata.