Kalamu Uliyoisugua Kichwani

Hapo zamani, si zamani sana, Jumamosi iliyopita, binti wa jirani aliingia steshenari kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na simu ya dada yake mkononi. "Shikamoo mjomba. Dada kasema unitolee hii." Ilikuwa barua ya kuomba kazi, kurasa mbili. Nikampa namba ya duka, akaituma kwa WhatsApp. Hata hajakaa kwenye benchi, kompyuta ikalia: imeingia.

Akaitazama simu, akaitazama kompyuta. "Mjomba, mbona havijagusana? Barua imepita wapi?"

Swali kama hilo huwa siliachi lipite, hata wateja wawe wamejaa hadi barazani. Basi sogeeni nanyi, niwasimulie nilivyomsimulia.

Hiyo simu nayo ni kompyuta, ila imejikunyata. Ndani yake mna prosesa, chipu ndogo kama ukucha, ndiyo inayopiga hesabu zote. Mna na laini, kile kikadi kinachouambia mtandao kwamba huyu ni fulani, namba yake hii. Lakini kifaa chenyewe nacho kina namba yake ya kuzaliwa, yenye tarakimu 15, inaitwa IMEI. Bonyeza *#06# uione. Ukihamisha laini kwenda simu nyingine, namba ya kupigiwa inakufuata. IMEI inabaki na simu yake.

Barua nayo haitoki nzima. Hukatwa vipande viitwavyo pakiti, kila kimoja na namba yake na anwani ya kinakokwenda. Fikiria watu wa harusi waliokosa basi moja, wakajigawa kwenye daladala kumi: wengine wanapita njia hii, wengine ile, wakifika ukumbini wanapangwa tena kwa namba zao. Kikipotea kimoja, kinaagizwa upya. Vipande vya dada viliruka kwa mawimbi ya redio hadi kwenye mnara, kisha vikaingia kwenye mkongo, yaani nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ambamo mwanga ndio unaobeba habari. Mikongo mingine imelala chini ya Bahari ya Hindi. Ule wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na picha moja kufunguka ulikuwa unaweza kwenda kununua mihogo ukarudi.

Mwisho wa safari ni ruta, kile kisanduku chenye antena mbili kilichoning'inia juu ya kabati langu. Hapa watu wazima wengi huchanganya mambo. Waifai si intaneti. Waifai ni njia fupi ya hewani kati ya ruta na vifaa vya humu dukani. Intaneti ni yale yote yaliyo nje ya mlango. Ndiyo maana wakati mwingine simu inaonyesha waifai imejaa na bado hakifunguki kitu: ua liko wazi, barabara imefungwa. Ruta ndiyo bawabu. Kila kifaa cha humu ndani imekipa namba, mfano 192.168.1.5, kama vyumba vya nyumba ya kupanga, ili mzigo wa kompyuta usiende kugonga kwa printa.

Kompyuta ilipofungua barua, iliitandaza kwenye RAM. Hiyo ni kumbukumbu ya muda: ina kasi ajabu, lakini umeme ukikatika inasahau kila kitu. Diski ndiyo inayotunza. Mimi nililijifunza hilo kwa aibu. Nilikuwa nachapa orodha ya michango ya harusi, majina kurasa tatu, sijahifadhi hata mara moja, umeme ukakatika. Kamati ilibidi ikae upya kukumbuka nani alitoa na nani aliahidi. Nasikia kuna waliobahatika kuhama kutoka walioahidi kwenda waliotoa.

Binti akaninyang'anya kipanya, akabofya pa kuchapa. Kimya. Akabofya tena. Akabofya hadi zikatimia mara tano. Nikamwambia, mwanangu, printa haijakataa, inajiandaa, na kila bofyo linaingia kwenye foleni yake. Nikawahi kufuta manne, la sivyo dada angepata barua za kuomba kazi kata nzima.

"Sasa inajuaje kuandika?"

Hapo nikavuta kiti. Je, umewahi kuisugua kalamu ya plastiki kichwani darasani, ukaisogeza kwenye vipande vya karatasi, vikaruka kuifuata? Basi printa ya leza unaijua tayari. Kule kusugua kunaipa kalamu chaji ya umeme tuli, na chaji huvuta vitu vyepesi.

Marekani kulikuwa na bwana mmoja, Chester Carlson, aliyefanya kazi ya hataza, yaani karatasi za kulinda uvumbuzi. Alihitaji nakala kila mara, na kuzinakili kwa mkono kulimchosha macho na vidole. Mwaka 1938, tarehe 22 Oktoba, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walikuwa kwenye chumba kidogo huko Astoria, New York. Walichukua bati la zinki lililopakwa salfa. Wakafunika mwanga, wakalisugua kwa kitambaa cha mfukoni hadi likashika chaji. Juu yake wakaweka kioo kilichoandikwa kwa wino 10.-22.-38 ASTORIA, wakawasha taa kali sekunde chache. Mwanga ulipopita, chaji ikatoweka. Chini ya maandishi, wino ulikinga mwanga na chaji ikabaki. Wakanyunyiza poda ya mmea, wakapuliza, na maneno yakasimama pale, ya unga. Wakayabandua kwa karatasi ya nta.

Kampuni nyingi zilimwambia hazioni faida. Mashine ya Xerox 914, iliyofanya kutoa kopi kuwe kazi ya kila ofisi, ilitoka mwaka 1959, miaka 21 baadaye. Kisha Gary Starkweather, mhandisi wa kampuni hiyohiyo ya Xerox, akauliza: kwa nini tumulike karatasi iliyokwisha kuandikwa? Kwa nini kompyuta isichore yenyewe kwa leza?

Ndicho kinachotokea humu ndani ya printa. Herufi A, kwa kompyuta, ni namba 65, ambayo inaiandika 01000001. Printa inaigeuza kuwa vitone, mara nyingi 600 kwa kila inchi. Leza, kwa kupiga kioo kinachozunguka, inavichora vitone hivyo kwenye rola yenye chaji. Hapa, kinyume na kwenye bati la Carlson, poda inashika pale tu leza ilipopita. Karatasi, nayo imepewa chaji, inaivuta poda kutoka kwenye rola. Tunaiita wino, lakini ni vumbi la plastiki yenye rangi, na ungeweza kuipuliza ikapeperuka. Kwa hiyo karatasi inapita mwisho kati ya rola mbili, moja ya moto wa karibu nyuzi joto 200, plastiki inayeyuka na kung'ang'ania. (Ile printa nyingine, ya wino wa maji, inarusha matone tu. Ukiiacha mwezi mzima bila kazi, vitundu vyake vinakauka.) Masika hunitesa: karatasi ikinyonya unyevu maandishi yanafifia, na inakwama.

Kurasa mbili zikatoka. Binti akaziweka shavuni. "Za moto kama chapati!"

Kisha akachukua kalamu yangu, akaisugua kwenye nywele zake zilizosukwa na kupakwa mafuta. Hakuna kilichoruka. Mafuta hayo, nikamwambia. Akaisugua kwenye mkono wa sweta la shule, haraka haraka, ulimi nje, akaisogeza kwenye risiti niliyokuwa nimeichana vipande. Kimoja kikatetemeka, kikasimama wima, kikaruka.

Akapiga kelele, akatoka mbio kwenda kumwonyesha dada yake. Kalamu yangu kaenda nayo, na hela ya kurasa mbili hakuniachia.