Kununua Gari Kongwe la Spoti: Tazama Kutu Kabla ya Injini

Miongoni mwa magari ya spoti yaliyoundwa Uingereza, MGB ni mojawapo ya yale yanayowavutia sana wanunuzi wa mara ya kwanza. Liliundwa katika mji wa Abingdon tangu mwaka 1962 hadi 1980, na idadi yake ilipita 500,000. Kwa sababu ya wingi huo, magari mengi yangali barabarani na vipuri vyake havijaadimika. Mnunuzi mgeni huvutwa na rangi inayong'aa na mlio wa injini. Lakini vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Katika makala hii tutaeleza kwa nini uhai wa gari hili umo katika chuma cha bodi yake, na jinsi sayansi ifundishwayo shuleni iwezavyo kumwokoa mnunuzi na hasara.

Bodi ndiyo fremu

MGA, gari lililolitangulia MGB, lilikuwa na fremu ya chuma, na bodi ilifungwa juu yake. MGB halina fremu ya namna hiyo. Mabati yake yamekunjwa na kuchomelewa pamoja hata gari zima likawa kama sanduku moja libebalo uzito wote. Katika gari la kawaida, paa husaidia kuzuia sanduku hilo lisipindike. MGB la wazi halina paa la chuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo huiangukia mihimili miwili yenye uvungu ndani, ipitayo chini ya milango, mmoja kila upande. Mihimili hiyo ikiliwa na kutu, gari hulegea katikati, na ajali ikitokea uwezo wake wa kuwakinga abiria huwa umepungua.

Kutu hufanyaje kazi?

Chuma hushika kutu mahali ambapo maji na oksijeni hukutana. Atomi za chuma hupoteza elektroni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni na maji huzipokea. Tendo hili ni sawa na betri ndogo. Chumvi huliharakisha, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Huko Uingereza, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Magurudumu huyarusha maji hayo pamoja na tope, yakaingia ndani ya mihimili na kukaa humo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba chuma huliwa zaidi chini ya tope, ambako oksijeni ni haba. Sababu yake ni hii: sehemu yenye oksijeni nyingi hupokea elektroni, na sehemu iliyofichika ndiyo izitoayo. Tena, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, hivyo huisukuma rangi ikafanya lengelenge. Lengelenge dogo kama punje ya mtama laweza kuwa dalili ya tundu kubwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Vipimo vya mnunuzi

Kwanza, sumaku. Ifunge kwa kitambaa laini, kisha uipitishe juu ya bodi, hasa sehemu za chini. Isiponata, huenda tundu limezibwa kwa puti na kupakwa rangi. Hata hivyo, magari ya miaka ya 1960 yaliwekewa boneti za alumini. Sumaku isiponata hapo, si kosa.

Pili, jeki. Gari likiwa chini, chunguza nafasi iliyopo kati ya mlango na bodi. Kisha liinue mahali palipotengwa kwa jeki. Ikiwa nafasi imebadilika au mlango umekwama, mhimili umedhoofika. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tatu, injini, ambayo ina ukubwa wa sentimita za ujazo 1,798. Ikiisha kupata moto, kanieneo ya oili gari likiwa mwendoni yapasa kuwa kati ya paundi 50 na 80 kwa kila inchi ya mraba. Moshi wa buluu huonyesha kuwa oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma huonyesha kuwa maji yanaingia katika silinda. Uliza pia kama viti vya valvu vimebadilishwa, maana petroli yenye risasi, iliyokuwa ikivilinda, iliondolewa katika vituo vya kawaida mwaka 2000.

Injini iliyochoka yaweza kutolewa na kutengenezwa upya. Bodi iliyooza yataka kukatwa na kuchomelewa kwa muda mrefu, na gharama yake yaweza kupita bei ya gari lenyewe. Basi afadhali bodi nzima yenye injini mbovu kuliko kinyume chake. Tangu Mei 2018, magari mengi ya Uingereza yaliyopita miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kuwa mkaguzi yeye mwenyewe.

Jaribio la darasani

Chukua misumari mitatu mipya. Mmoja uweke katika maji ya kawaida, wa pili katika maji ya chumvi, na wa tatu katika maji yaliyochemshwa kisha yakafunikwa kwa mafuta. Ichunguze baada ya juma moja. Ni upi umeliwa zaidi, na kwa nini?