D.O. Misiani, Mwanahistoria wa Ziwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimfuata Daniel Owino Misiani kutoka Shirati, mkoani Mara, Tanzania, alikozaliwa mwaka 1940, hadi Kenya alikojipatia jina na bendi yake ya Shirati Jazz. Leo natoa hoja moja: Misiani hakuwa mtumbuizaji wa baa na matanga tu, bali mwanahistoria wa Wajaluo wa Ziwa Victoria. Ushahidi wa kwanza umo ndani ya muziki wenyewe. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi nane, huketi chini na kuugonga mti wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, njuga zikilia. Kazi yake ni kutaja watu, koo na matukio. Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo alioupiga Misiani, iliihamishia kazi hiyo kwenye gitaa. Gitaa la solo huifuata sauti ya mwimbaji hatua kwa hatua, kisha mwimbaji hunyamaza na gitaa huendelea kusimulia peke yake, besi ikidunda chini yake.

Wapo watakaosema kwamba majina mengi katika benga yalilipiwa, na sifa ya kununua si historia. Lakini hata wafalme waliwalipa waandishi wao, nasi bado tunawasoma kwa uangalifu. Jina lililolipiwa hutuonyesha nani alikuwa na mali, nani aliombolezwa, na kijiji gani kilijivunia nani. Tena Misiani hakuwaimbia wenye fedha pekee. Alikamatwa kwa sababu ya nyimbo zake, na katika "Bim en Bim" aliwapitisha wanasiasa katika kisa cha nyani. Msifu wa kukodiwa hajitii matatani namna hiyo.

Wengine watauliza: aliyeimba Kijaluo atakuwaje hazina ya wote? Ni kweli mdundo ulisafiri kuliko maneno. Phares Oluoch Kanindo alizisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe lebo yake ya Sungura ikaupa jina mtindo mmoja wa muziki wa nchi ile. Waliocheza hawakuhitaji kuelewa masimulizi. Hilo haliivunji hoja yangu, linaonyesha kazi iliyobaki. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu tarehe 17 Mei 2006, na wanaoweza kueleza kila jina alilolitaja ni wazee sasa. Bondo tuna chuo kikuu chenye jina la Jaramogi Oginga Odinga. Nyimbo hizi ziandikwe hapo, zifafanuliwe na wazee wa pande zote mbili za mpaka, zitafsiriwe kwa Kiswahili na kufundishwa. Tukichelewa, tutabaki na mdundo bila historia iliyouzaa.

Wiki ijayo: nyimbo za siasa na gharama yake.