Uliza Injini Imekunywa Maji Gani

Kabla mzee hajauza ng'ombe anunue injini ya mtumba kutoka Tanga, aifunge kwenye boti yake pale bwawa la Nyumba ya Mungu, muulize: ilipozwa kwa maji gani?

Injini nyingi za zamani za ndani ya boti huvuta maji ya nje moja kwa moja. Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Hiyo hula chuma na kuziba njia za maji, mwisho injini inachemka. Maji ya bwawa yatapunguza kasi ya kutu, ila chuma kilicholiwa hakirudi.

MV Liemba ilizamishwa Ziwa Tanganyika 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Mashine zake zilipakwa grisi, na ziwa halina chumvi ya bahari.

Kwa hiyo fundi afungue bomba la moshi achungulie ndani kwanza. Rangi mpya isiwazuge.