Je, Wajua? Kusini mwa Maniema, msitu unapogusana na nyika

Je, wajua kwamba ukishuka kutoka Kindu kuelekea Kasongo na Kabambare, msitu mkubwa wa Kongo huanza kukatika? Nyasi hushika vilima, miti hubaki mabondeni ikifuata vijito.

Kiangazi nyika hiyo huungua, na wiki chache baadaye imekwisha kuwa kijani tena. Machipukizi ya nyasi hukaa chini ya udongo, moto usipoyafikia. Miche ya miti ya msituni haina kinga hiyo. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na maji, hauharibu sana. Wa mwisho wa kiangazi hula hadi miti mikubwa. Anayechoma, achome mapema.

Je, wajua kwamba mto Lualaba hutenganisha ndugu? Mashariki yake wanaishi sokwe, magharibi bonobo. Wote wawili hawaogelei, na mto ni mpana.

Msafiri wa Uingereza David Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiandika Bambarre, miezi mingi kuanzia 1870, miguu yake ikiwa na vidonda. Hapo ndipo alipoandika habari za "soko", akidhani ni sokwe wakubwa waitwao gorila. Wataalamu wa baadaye wanaona walikuwa sokwe wa kawaida. Alipewa mtoto mmoja wa soko, jike. Alikuwa akinyoosha mkono abebwe, na akikataliwa uso wake ulikunjamana kama wa mtu anayelia kwa uchungu. Alijitengenezea kiota cha majani, na alipolala alijifunika mkeka. Kwangu mimi, kurasa hizo zinatosha kumfanya mtu amwachie sokwe msitu wake. Mama wa mtoto kama yule kwa kawaida huuawa kwanza.

Tembo ndio waliowaleta wafanyabiashara wa Zanzibar hadi hapa. Kasongo ya Tippu Tip, mmoja wao, ilinawiri kwa pembe na kwa watumwa waliozibeba, safari ya miezi hadi pwani. Tembo wenyewe si aina moja: tangu 2021 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini huwahesabu wa msituni na wa nyikani kuwa aina mbili, na wa msituni ndio walio karibu zaidi kutoweka.

Je, wajua kwamba mchwa ni wakulima? Wale wa vichuguu vikubwa hutafuna majani makavu na miti, kisha hulima kuvu juu ya mabaki hayo ndani ya shimo, nao huila. Mvua zikianza, kuvu hiyo hutoboa udongo ikawa uyoga mtamu, wakati uleule kumbikumbi wanaporuka. Kichuguu kimoja, vyakula viwili.

Na kima aitwaye lesula, mwenye uso mrefu usio na manyoya na macho makubwa, wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza 2007, amefugwa nyumbani kwa watu huko Opala. Wawindaji wa bonde la Lomami walikuwa wakimjua siku zote. Alipewa jina la kisayansi 2012. Hifadhi ya Taifa ya Lomami, inayomlinda, ilitangazwa 2016, na sehemu yake iko Maniema.