Kutafuta Ukoo Mwera: Fedha Ianzie Wapi

Mtu wa Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani, akitaka kujua babu wa babu yake alitoka wapi, ana milango kadhaa ya kubisha, na bei zake zimepishana mno.

Aanze kwa wazee. Gharama yake ni sukari, majani ya chai na muda wa kusikiliza. Asiulize jina tu. Aulize marehemu alifikia shamba gani, alikuja na nani, alikata mkonge au alikuwa korona, yaani kwenye mtambo wa kuchakata mkonge. Upande huu ndiko mkonge ulikoanzia nchini: mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe. Mashamba yalipopanuka, manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Unyamwezi na hata Msumbiji. Wapo waliosilimu baada ya kufika, wakawa na jina moja kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, na jingine msikitini. Asiyejua majina yote mawili atalipa nauli ya kwenda kumtafuta mtu ambaye hayumo kwenye karatasi.

Baada ya wazee, masanduku. Kipande cha siku 30, risiti ya kodi ya kichwa, cheti cha ndoa, tarehe za uzazi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu mwanzoni mwa msahafu: vyote ni vya bure, na simu yenye kamera inatosha kuvihifadhi. Nasisitiza hapa kwa sababu mchwa na mvua havingoji. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, kumbukumbu zake huenda zilipotea, na karatasi ya nyumbani huenda ndiyo pekee iliyobaki.

RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, inafaa kwa vyeti vya wazazi. Kwa babu aliyezaliwa kwenye kambi ya shamba enzi za mkoloni, usiiwekee matumaini makubwa. Wengi hawakuandikishwa kabisa. Familia za Kikristo zina njia nafuu zaidi: daftari za ubatizo za misheni, kama Magila huko Muheza. Ni nauli ya basi na sadaka.

Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ni safari ya gharama: nauli, malazi, ada. Humo mna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, lakini ya Wajerumani yana mwandiko wa kale unaohitaji msomaji, naye atataka ujira. Usiende bila jina la shamba na mwaka wa kukisia. Wenye asili ya Unguja, au waliotoka utumwani, waongeze nauli ya boti hadi Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

Kipimo cha vinasaba hulipiwa kwa dola na hurudisha asilimia za maeneo mapana, bila jina la babu wala la kijiji. Fedha hiyo inaweza kumfikisha mtu Kigoma, kwenye kijiji alichokitaja mzee, ambako waliobaki huenda bado wanalijua jina.