Gari Linapozima Njiani: Sarufi, Msamiati na Usalama Nyabugogo

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halihusiani na idara ya lugha, nalo ni hatua za kuchukua pale gari linapozima ghafla likiwa mwendoni. Msomaji asishangae. Mwalimu wa Kiswahili mjini Kigali akitaka kusikia lugha hii ikifanya kazi halisi, anapaswa kushuka bondeni Nyabugogo, kwenye kituo kikuu cha mabasi. Hapo huondoka magari ya kuelekea Musanze, Huye, Rubavu na Rusizi, pamoja na yale yanayovuka mipaka kwenda Uganda, Kenya na Tanzania. Hatua chache kutoka hapo, kwenye barabara ya kuelekea Gatuna, kuna Gatsata, eneo lililojulikana kwa miaka mingi kwa gereji zake.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi nchini mwaka 2017. Hata hivyo, madereva na mafundi wa bonde hili hawakusubiri sheria ili wakitumie. Dereva wa lori kutoka Dar es Salaam na fundi aliyezaliwa Gatsata walikuwa wanaelewana kwa Kiswahili kabla ya hapo. Swali letu ni hili: je, mwanafunzi tuliyemfundisha sisi, anayejua ngeli zote na amefaulu mtihani, anaweza kumweleza fundi kwa usahihi jinsi gari lake lilivyozima? Asipoweza, fundi atabadilisha kifaa ambacho hakijaharibika, na abiria watapanda mlima wa Shyorongi katika gari lenye ubovu uleule.

Kwanza usalama

Barabara zinazotoka Nyabugogo hupanda milima karibu mara moja. Gari likizima kwenye mwinuko au mteremko, dereva ana sekunde chache tu za kuamua. Mambo yafuatayo yafaa kujulikana na kila anayeshika usukani, na hata na abiria anayekaa mbele.

Injini ikizima, magurudumu yanaendelea kuzunguka, lakini misaada miwili inapotea. Usukani unakuwa mzito kwa sababu nguvu inayousaidia haipo tena. Breki nazo zinabaki na akiba ndogo, inayotosha kukanyaga mara mbili au tatu hivi. Kwa hiyo dereva asipigepige breki. Akanyage mara moja kwa nguvu na ashikilie. Asizungushe ufunguo hadi mwisho wala kuuchomoa gari likiwa bado linatembea, kwani usukani unaweza kujifunga. Awashe taa za tahadhari, kisha alitoe gari barabarani. Hapa Rwanda tunaendesha upande wa kulia, hivyo atasogea kulia. Mgeni aliyezoea barabara za Tanzania, Kenya au Uganda, ambako huendeshwa upande wa kushoto, akumbuke jambo hili kabla ya kuhitaji kulikumbuka.

Likishasimama, avute breki ya mkono, aingize gia, na aweke jiwe nyuma au mbele ya gurudumu kulingana na mteremko. Abiria washuke upande usio na magari, na pembetatu ya tahadhari iwekwe mbali kiasi cha kumpa anayekuja nafasi ya kupunguza mwendo. Harufu ya mafuta ikisikika, asiwashe kiberiti wala kujaribu tena kuwasha gari. Baada ya hayo yote ndipo aulize kwa nini gari limezima.

Injini inahitaji nini

Injini ya petroli inahitaji mambo matatu kwa wakati wake: mafuta, hewa na cheche ya umeme kutoka kwenye plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hugandamizwa mpaka inapata joto kali, na dizeli inayopulizwa ndani inawaka yenyewe. Kwa aina zote mbili, mkanda au mnyororo wa taimingi ndio unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati unaofaa. Kimoja kikikosekana, injini inakufa. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi kilichokosekana, na chombo chake cha kwanza ni maelezo ya dereva, kabla hata ya kushika spana.

Viambishi vinavyomsaidia fundi

Hapa ndipo sarufi yetu inapoingia gereji. Tuangalie sentensi nne, ambazo kwa mwanafunzi mvivu zina maana moja.

Sentensi ya kwanza: "Gari limezima ghafla." Kiambishi -me- kinaonyesha tukio lililotimia na ambalo matokeo yake bado yapo, na neno "ghafla" linaongeza kwamba hapakuwa na dalili. Injini iliyokufa kama taa iliyozimwa humwelekeza fundi kwanza kwenye umeme: fyuzi iliyoungua, waya wa betri uliolegea, koili, au sensa inayopima mzunguko wa kranki. Huenda pia mkanda wa taimingi umekatika. Dalili yake ni kwamba stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida. Ikiwa hivyo, dereva aache kabisa kupiga stata, kwa kuwa katika injini nyingi pistoni zinaweza kugonga valvu na kuzipinda.

Sentensi ya pili: "Lilikohoa, likapungua nguvu, likazima." Kiambishi -ka- kinapanga matukio kwa mfuatano. Injini inayokufa polepole, hasa wakati wa kupanda mlima, mara nyingi inakosa mafuta. Inawezekana tangi limekwisha, filta imeziba, pampu imechoka, au kwa dizeli, hewa au maji yameingia kwenye njia ya mafuta. Mlima unafichua ubovu huu kwa sababu injini inayobeba mzigo inahitaji mafuta mengi zaidi. Gari lenye filta iliyoziba laweza kuzunguka mjini bila shida, kisha likashindwa mara tu linapoanza kupanda.

Sentensi ya tatu: "Huzima kila ninaposimama kwenye taa." Kiambishi hu- ni cha mazoea, na -po- kinataja wakati. Tatizo hapa halikutokea mara moja, bali linajirudia katika hali moja, yaani injini inapozunguka taratibu bila kukanyagiwa mafuta. Fundi ataangalia njia ya hewa: uchafu kwenye mlango wa hewa, au mpira uliopasuka na kuingiza hewa isiyopimwa.

Sentensi ya nne: "Likipata moto linazima, likipoa linawaka." Kiambishi -ki- cha masharti kinatupa ufunguo wa ubovu unaowasumbua wengi. Kifaa cha umeme kama sensa ya kranki, koili au pampu ya mafuta kinaweza kufanya kazi kikiwa baridi na kushindwa kikishapata joto. Gari kama hili likiletwa gereji asubuhi litawaka vizuri, na fundi asiyesikia ile -ki- atasema halina ubovu. Isichanganywe na gari lililochemsha, ambalo mshale wake wa joto umepanda. Lililochemsha liachwe lipoe kwa nusu saa au zaidi, wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa moto, kwani maji yaliyo ndani yanaweza kuruka na kumuunguza mtu uso na mikono.

Kuzima, kuzimwa, kuzimika, kuzimia

Kitenzi "zima" kinawatatiza wanafunzi wetu kwa sababu kinafanana na kile cha Kinyarwanda bila kulingana nacho kikamilifu. Katika Kinyarwanda, kuzima ni kwa moto au taa inayokufa yenyewe, na anayeizima huitwa mwenye kuzimya. Tofauti hiyo iko wazi katika umbo la kitenzi. Katika Kiswahili, "zima" hubeba maana zote mbili: "taa imezima" na "zima taa". Ndiyo maana fundi makini huuliza, "Limezima lenyewe au umelizima?" Dereva aliyeona taa ya oili ikiwaka akaamua kuzima injini mwenyewe ana habari tofauti kabisa na yule ambaye injini ilimfia. Wa kwanza huenda ameiokoa injini yake.

Anayetaka kuondoa utata atumie "limezimika" kwa lililozima lenyewe na "limezimwa" kwa lililozimwa na mtu. Kauli ya kutendea nayo ina kazi: "Gari limenizimikia Shyorongi" hueleza kwamba jambo limempata msemaji na limemletea taabu. Lakini tuwaonye wanafunzi kuhusu "kuzimia". Anayesema "gari limezimia" amesema gari limezirai, na gereji nzima itacheka kabla ya kumsaidia.

Hatari ya neno "mafuta"

Utata mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, uko katika neno "mafuta". Kwa msemaji wa Kiswahili, neno hili linaweza kuwa petroli, dizeli, au hata kilainishi cha injini. Kwa Mnyarwanda, amavuta ya gari ni kile kilainishi, ilhali petroli ni lisansi na dizeli ni mazutu. Dereva mgeni akisema "gari halina mafuta", msikilizaji anaweza kwenda kuangalia oili wakati tangi ndilo tupu. Kinyume chake ni hatari zaidi: injini inayoendeshwa bila oili huharibika kwa muda mfupi, wakati tangi tupu ni usumbufu tu. Tunapendekeza walimu wafundishe maneno matatu tofauti tangu mwanzo, yaani petroli, dizeli na oili, na "mafuta" yabaki jina la jumla.

Maneno mengine ya kulinganisha ni injini na moteri, breki na feri, gia na vitesi, fundi na umukanishi. Tusiyacheke maneno yaliyopitia Kifaransa. Msamiati wa gari katika Kiswahili sanifu nao umekopwa kwa wingi kutoka Kiingereza. Mkopo mmoja ulipitia Mombasa na mwingine ukapitia Bujumbura na Bukavu, na yote miwili inakutana Nyabugogo.

Mazungumzo ya mfano

Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga kwa ajili ya darasa.

Dereva: Habari za kazi, fundi.
Fundi: Nzuri, mzee. Gari lina nini?
Dereva: Limenizimikia mlimani.
Fundi: Ghafla, au lilianza kukohoa?
Dereva: Ghafla. Nikipiga stata inazunguka, lakini haliwaki.
Fundi: Inazunguka kama kawaida, au nyepesi?
Dereva: Kama kawaida.
Fundi: Fungua ufunguo bila kupiga stata. Unasikia mlio mdogo kule nyuma?
Dereva: Sisikii kitu.
Fundi: Basi tuanze na fyuzi ya pampu.

Katika magari mengi ya petroli yenye pampu ya umeme ndani ya tangi, ufunguo unapofunguliwa pampu hulia kwa sekunde mbili hivi. Mlio usiposikika, fundi huangalia fyuzi na relei kabla ya kununua pampu mpya. Kama stata isingezunguka kabisa, angepima betri. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka, altaneta inapaswa kuipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya hapo, kulisukuma gari ili liwake kutamfikisha dereva mtaa wa pili tu.

Siku hizi fundi anaweza pia kuchomeka kifaa cha kusoma hitilafu. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996 yalilazimika kuwa na mfumo wa aina moja wa kusoma hitilafu, na magari ya nchi nyingine yakafuata. Kifaa kikionyesha P0335, kwa mfano, kinaelekeza kwenye saketi ya sensa ya kranki. Hata hivyo kinataja saketi, hakisemi kama ubovu uko kwenye sensa yenyewe au kwenye waya uliotafunwa na panya. Hilo bado linahitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu.

Hitimisho

Tunawahimiza walimu wenzetu walifanyie majaribio somo hili. Mwanafunzi mmoja awe dereva, apewe kwa siri ubovu mmoja kati ya minne tuliyoieleza. Mwingine awe fundi, na aruhusiwe kuuliza maswali matano tu. Wanafunzi wengine waandike viambishi vya njeo vilivyotumika na wamsahihishe dereva anapochanganya "lilizima" na "huzima". Atakayeshindwa kuutambua ubovu ataona mwenyewe kwamba kosa la kiambishi lina gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa faranga. Wakishamaliza darasani, walimu wawapeleke Nyabugogo wakasikilize, wakiwa na daftari na adabu, kwa kuwa mafundi wako kazini.

Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya nchi hii. Ni jukumu letu kuhakikisha kwamba mhitimu wetu anaweza kukitumia mahali ambapo uhai wa abiria unategemea jibu lake.